Karatasi Inayoita

Hadhirina mlioketi, mlio mbele na mlio nyuma, wenye mvi na wenye ndevu za jana, nakupeni salamu ya heshima, kila mmoja kwa daraja yake. Nyamazeni kidogo. Mwenye kikohozi na akohoe sasa. Mwenye chakula mkononi na akimalize kabla sijaanza, maana kisa hiki hakifai kusikilizwa na mtu anayetafuna.

Ni habari ya kijana wa Mji Mkongwe aliyedharau maandishi asiyojua kuyasoma, akayafanyia biashara. Sitakuhimizeni mumdharau. Mtapenda wenyewe.

Jina lake Khelef. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati wengi wetu kompyuta tukiisikia kama tunavyosikia habari za theluji, yeye alikuwa nayo moja katika chumba cha chini huko Kiponda, akiichapia watu barua na kadi za harusi. Juu ya mlango aliandika: TUNACHAPA LUGHA ZOTE. Huo ulikuwa uongo. Alichapa Kiswahili chenye makosa, Kiingereza chenye makosa zaidi, na Kiarabu ambacho masheikh wakikisoma walikuwa wakiomba istighfari. Lakini palikuwa na lugha moja ambayo hapana duka jengine Unguja nzima lililoweza kuichapa, nayo ni Kisanskriti, lugha ya kale ya sala za Wahindu.

Programu yake ilikuja kwa disketi kutoka Bombay. Mfanyabiashara mmoja aliiagiza, akahama, akaiacha. Ukibonyeza herufi ya kawaida kwenye kibodi, kioo kinakutolea herufi ya Kihindi, imening'inia chini ya mstari kama nguo kwenye kamba. Sura za herufi hizo, ambazo wachapaji huziita fonti, zilikuwa zimehifadhiwa mbali. Ukiziondoa, sala yote hugeuka takataka: mabano, nukta, alama za kuuliza, herufi zilizotupwa ovyo.

Khelef alikuwa akiwaonyesha wateja mchezo huo.

"Tazama hekima ya miaka elfu," husema, akabonyeza. "Haya, tazama sasa. Takataka! Tafauti yake kidole changu tu."

Wateja hucheka. Naye hujiona mkubwa kuliko hiyo miaka elfu.

Kijana huyu alikuwa na maradhi mamoja: kila asichokijua alikihesabu hakina maana. Aliwadharau waganga, akawadharau wanaokwenda kwa waganga, akawadharau wazee wenye makatazo yao ya wakati wa magharibi. Mtu mmoja tu hakumdharau, naye ni dada yake, Wafaa, aliyekaa naye mtaa wa Malindi pamoja na mama yao, Bi Asila. Mume wa Wafaa, Shamsi, alikuwa kazini Maskati. Wafaa alikuwa na mimba. Mbili za kabla yake zilitoka, na ya pili ilitaka kuondoka na yeye. Daktari alisema wazi kwamba hii ikiharibika, asitarajie nyengine. Basi katika nyumba ile milango ilifungwa polepole, na hata Khelef, anayecheka kila kitu, akipita mbele ya chumba cha dada yake alivua viatu.

Jioni moja, jua likitaka kuzama, alikuwa akifunga duka ili ampelekee Wafaa maembe mabichi aliyoyatamani. Akasikia hodi.

Alikuwa Bi Kasturi, ajuza wa Kihindu, mjane wa sonara, aliyezaliwa Kiponda na kuzeekea Kiponda. Watoto wake walitawanyika Ulaya. Alibaki yeye na nyumba ya ghorofa tatu.

"Karibu, Bi Kasturi. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Mama hajambo? Wafaa je?"

"Wazima. Wafaa anakula kama watu wawili."

"Ndivyo inavyotakiwa. Mwambie Bi Asila asimwache peke yake magharibi."

Khelef akachekea puani. Bi Kasturi akajifanya hakusikia. Akatoa katika mfuko wa kitambaa karatasi tatu zilizoandikwa kwa mkono, zikinukia msandali.

"Hizi za marehemu mume wangu. Maneno ya kuwalishia wazee. Mwanangu huko Ulaya hana wa kumfundisha. Nichapie vizuri nimpelekee."

"Wazee gani hao wa kulishwa? Si nshasikia wamekufa?"

"Na nyinyi hitima mnampikia nani?"

"Hitima tunakula wenyewe, Bi Kasturi."

"Na sisi wanakula kunguru. Kila nyumba na wageni wake." Akaziweka karatasi mezani, akazipanga kwa kiganja. "Nisikilize. Hii ya kwanza inawaita kwa majina yao. Hii ya pili inawalisha. Hii ya tatu inawaaga, waende zao. Zichape pamoja, zitoe pamoja, nizichukue pamoja. Usiniachie moja ikalala peke yake."

"Kwani itaogopa?"

"Itaogopesha."

Kisha akaweka kidole mwisho wa karatasi ya kwanza, pahala wino ulipokuwa mzito.

"Huyu hapa Ratanbai, shangazi wa mume wangu. Alikufa na mimba yake tumboni, juu kule, katika chumba nnacholala. Hakuacha mtoto wa kumkumbuka. Huyu usinikosee."

Khelef alizichapa, herufi baada ya herufi, akifananisha sura kwa sura kama mtu anayepanga vigae. Bi Kasturi akaja, akachukua zake na zilizochapwa, akalipa, akamuombea dua njema. Hakujua, maskini, kwamba kompyuta hukupa karatasi yako na ikabaki nayo.

Haukupita muda mrefu akaja Makungu.

Makungu alikuwa mganga wa mtaa wa Ng'ambo, mwenye kilemba cha kijani na miwani ya jua asiyoivua hata ndani ya giza. Alisubiri duka liwe tupu. Akafunga mlango. Akanong'ona, ingawa hapakuwa na mtu wa kusikia.

"Kijana, nina shida na hirizi zangu."

"Hazifanyi kazi?"

"Kazi gani? Wewe nawe! Shida ni kusomwa. Siku hizi kila mtu kapita chuoni, kasoma Kurani. Mtu anafungua hirizi, anasoma, ananirudia: 'Mwalimu, hapa umeruka neno.' Nimekuwa mwanafunzi wa wagonjwa wangu! Nataka maandishi asiyoweza kuyasoma mtu."

Khelef akacheka hata akashika meza. "Hata mie siyasomi."

"Ndiyo hasa! Nitawaambia ya Kihindi, ya kale, yameletwa na meli. Mtu akiona herufi zimetundikwa vile, mwenyewe atatetemeka."

Khelef alimdharau Makungu kwa ulaghai wake. Aliwadharau wateja wa Makungu kwa ujinga wao. Na katikati ya dharau hizo mbili hakuona pahala pake yeye. Akafungua disketi. Karatasi ya pili na ya tatu zilikuwa na mistari mifupi mifupi, hazikumpendeza jicho. Ya kwanza ilikuwa imeshonana, nene, ya kutisha.

"Nipe hii," akasema Makungu.

Basi akainakili, akairudia, akaipanga safu kwa safu. Printa ikanguruma. Makungu akakata vipande, akavitia mkobani, kwenda kuvishonea ngozi.

Hiyo ya kwanza tu.

Sasa, hadhirina, hakuna asiyewajua kunguru wetu. Wazee husema hawakuwa wa kisiwa hiki, waliletwa kutoka Bara Hindi zama za wakoloni, wakazaana hata wakawa wengi kuliko makuti. Tumewazoea. Tunawafukuza kwa kandambili, wanarudi. Lakini mwaka ule, mwishoni mwa Agosti, kunguru waliacha kuiba. Nyama iliachwa wazi bucha, hawakuigusa. Dagaa walianikwa Malindi, hawakuwatazama. Walikaa madirishani mwa nyumba fulani fulani tu, kimya, kila ikikaribia magharibi... kama watu walioalikwa, wakafika kabla ya wakati, wakaona haya kubisha.

Khelef aliona, hakujali.

Jioni moja alirudi nyumbani na mkate alioagizwa na mama yake. Akamkuta Wafaa kakaa mkekani na sahani ya wali mbele yake.

"Mama, wali hauna chumvi."

"Nimetia, mwanangu. Na jana nlitia, ukasema vilevile."

"Basi onja."

Bi Asila akaonja, akamsogezea Khelef sahani. Khelef akachota tonge, akatafuna. Si chumvi iliyokosekana. Palikuwa hapana kitu. Nazi hapana, mchele hapana. Ilikuwa kama kutafuna karatasi.

Kama chakula kilichokwisha kuliwa.

"Mie sishibi," Wafaa alisema taratibu. "Nnakula, nnakula... kama kuna mtu anakula kabla yangu."

Hapo ndipo Khelef alipomtazama vizuri. Mashavu yalikuwa yamebonyea. Mikono ilikuwa vijiti. Tumbo peke yake lilikuwa likinona. Wafaa akanyanyuka kufunga dirisha, kanga ikapanda, na kiunoni mwake Khelef akaona hirizi ya ngozi mpya.

"Hiyo nini?"

"Usianze," alisema Bi Asila. "Ya Makungu. Si hizi zetu za kunakilinakili. Hii ya Kihindi, ya kale. Imeletwa na meli."

Khelef akacheka. Alicheka hata machozi yakamtoka, na mama yake akamtukana kwa hasira. Meli! Imetoka mezani kwake, baina ya kadi ya harusi na barua ya wakili! Neno lilikuwa tayari ulimini: Vua, dada, hiyo nimeitengeneza mie, ni upuuzi mtupu. Neno moja tu. Lakini akafikiri: nikilisema, mama atalitangaza Malindi nzima kabla ya isha, nami nitakuwa mshirika wa Makungu mbele ya watu. Akalimeza. Akaenda kulala.

Zingatieni jambo hili, enyi mnaonisikiliza. Hapo hakuwa mjinga tena. Hapo alikuwa anajua, akachagua cheo chake.

Siku ziliendelea vivyo hivyo, na Wafaa akizidi kuyeyuka. Alasiri moja Bi Asila alikwenda kwa jirani aliyefiwa, akachelewa. Khelef akabaki na dada yake. Jua likashuka. Chumba kikawa cha rangi ya chai.

"Kaka."

"Naam."

"Wale watu umewakaribisha weye?"

"Watu gani?"

"Wale wa nguo nyeupe." Alinong'ona, macho yake mlangoni. "Mwanzo walikuwa barazani. Nkadhani wanamngoja mtu. Jana walikuwa kwenye ngazi. Leo wapo hapo."

Mlango ulikuwa wazi. Ukumbi ulikuwa mtupu.

"Hapana mtu, Wafaa."

"Hawasemi. Wanaitazama sahani yangu. Ila yule mwanamke... yeye haitazami sahani."

"Anatazama nini?"

Wafaa aliweka mikono yote miwili juu ya tumbo lake, kama mtu anayeficha kitu kisiporwe.

Hapo ikaja harufu. Wali wa moto. Ufuta. Samli. Moshi wa kuni mbichi. Na jikoni moto haukuwashwa tangu mchana.

Tk.

Tk... tk.

Dirishani.

Khelef akalikabili dirisha kwa ghadhabu, ile ghadhabu ya mtu anayetaka kuonekana haogopi. Akalisukuma kwa mikono miwili.

Waya wa umeme ulikatiza uchochoroni, nyumba kwa nyumba. Kunguru walikuwa hapo. Kunguru hukaa juu ya waya, mnajua. Hawa hawakukaa juu. Walikuwa chini, wameshika kwa kucha, vichwa vikiangalia ardhi, wamening'inia. Mnene. Mwembamba. Wawili wameshikana mbawa. Nafasi. Mmoja amejipinda shingo. Nafasi. Watatu wamebanana.

Hawakulia. Hawakutikisika.

Na Khelef, aliyeinakili safu ile mara kwa mara mpaka akaiota, aliitambua.

Ulikuwa mstari wa kwanza wa karatasi ya kwanza.

Alipiga ukelele ambao si wa mwanamume. Akamrukia dada yake, akaikata kamba ya hirizi kwa meno, akaipasua ngozi. Ndani mlikuwa na kipande cha karatasi, kimekunjwa alivyokikunja Makungu. Akakikunjua.

Kilikuwa cheupe. Hapana herufi hata moja.

Kweli, wino wa printa ile haukustahimili jasho. Mwenye kutaka kulala vizuri na ashike hilo. Lakini Wafaa alikitazama kile kipande, akasema, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo la kawaida:

"Si nimekwambia. Wameshatoka."

Bi Asila aliporudi, Khelef alikwishavaa viatu. Alikimbia mpaka Kiponda. Na hata katika kukimbia huko, dharau ilikuwa bado haijamtoka, kwani alikuwa akijiambia: kama kosa ni la karatasi, nitalisahihisha kwa karatasi. Nitatoa ya pili, nitatoa ya tatu, nitambandika dada yangu zote, basi. Akaiwasha kompyuta. Akatia disketi.

Karatasi ya kwanza ikatokea, nyeusi, imeshonana, nzuri.

Ya pili ikatokea takataka. Mabano, nukta, alama za kuuliza.

Ya tatu vilevile.

Akaipakia fonti upya. Akabonyeza. Takataka. Akazima, akawasha, akabadilisha disketi. Karatasi inayoita ilisimama imara kila mara. Inayolisha na inayoaga zilikataa. Tafauti ya kidole chake tu, si ndivyo alivyosema? Alibonyeza mpaka kidole kikamuuma. Halafu umeme ukakatika, na katika kioo cheusi akauona uso wake, na nyuma ya uso wake, mlangoni, weupe wa nguo.

Aligeuka. Uchochoro ulikuwa mtupu.

Harufu ya ufuta ilikuwepo.

Asubuhi alikwenda kwa Bi Kasturi. Kabla hajabisha, dirisha la juu likafunguka. Ajuza hakumtazama yeye. Alitazama mapaa yaliyomfuata, meusi kwa kunguru.

"Umewaita," alisema.

"Bi Kasturi, mie..."

"Sikukuuliza. Panda."

Alipanda. Sebuleni palikuwa ubani na vumbi. Bi Kasturi alikaa kitini, mgongo umenyooka, na mara ya kwanza katika maisha yake Khelef alitazamwa kama alivyozoea kuwatazama wenziwe.

"Mimi nikadhani vidole vyako vina akili," alisema, Khelef alipokwisha kumweleza habari ya hirizi na ya dada yake. "Nyumba ngapi?"

"Sijui. Anajua Makungu."

Bi Kasturi akatoa sauti ndogo, haikuwa kicheko. Makungu! Mnyonya damu yule, aliyewafukuzia watu mashetani kwa ada, alikwishaondoka alfajiri na boti ya Dar es Salaam. Walioshuhudia bandarini wanasema hakuwa na kilemba wala miwani, na alikuwa akiwapigia kelele kunguru waliokaa juu ya mlingoti: "Si mie! Mwenyewe yuko Kiponda!"

"Watu wa nyumba hii," aliendelea Bi Kasturi, "hawana ubaya. Wana njaa. Wewe umesimama mlangoni ukawaita kwa majina yao, kila nyumba, kila siku, kisha ukawafungia jiko. Wangefanya nini? Wamekula walichokuta."

"Wafanyie hayo mambo yenu basi. Nakuomba. Dada yangu atakufa."

"Mimi mwanamke. Desturi yetu hainipi kazi hii. Na sikuwaita mimi. Aliyeita ndiye mwenyeji."

"Mie Muislamu, Bi Kasturi."

"Nani kakwambia uabudu? Nimekwambia upike. Muislamu hapiki wali?"

Khelef akainamisha kichwa. Akapika. Alipika juu ya paa la nyumba ile, kwa kuni, jua la mchana likimchoma utosi, yeye aliyekuwa hajui hata kuchemsha chai. Wali wa kwanza ukaungua. Bi Kasturi akaumwaga.

"Mgeni humpi makoko."

Akapika tena. Akaukanda kwa ufuta na samli, akafinyanga madonge, kila jina na donge lake, akayapanga juu ya ukuta wa paa. Kunguru walijaa pande zote, kimya, wamepinda vichwa.

Bi Kasturi akakaa kivulini na karatasi za mumewe, zile za mkono. Akasoma karatasi ya pili. Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini Khelef, aliyeyachapa maneno yale na kuyauza, aliyasikia kwa mara ya kwanza. Hayakuwa ya kutisha. Yalikuwa kama mama anayewaita watoto waje wale kabla chakula hakijapoa.

Jina.

Kunguru mmoja akashuka, akachukua donge lake, akaenda zake kuelekea baharini.

Jina.

Mwengine akashuka.

Kila aliyeondoka aliondoka na sehemu ya ile harufu. Hewa ikawa nyepesi. Khelef akaanza kulia bila ya kujijua, kamasi na machozi, akipangusa kwa mkono wenye samli. Mapaa ya Kiponda yakaanza kuonekana tena, mekundu ya kutu, na kunguru wa mbali wakaanza kulia na kugombana kama kunguru wa kila siku.

Likabaki donge moja.

"Ratanbai," alisoma Bi Kasturi.

Kunguru wachache waliobaki walilitazama lile donge. Wakatazamana.

"Ratanbai..."

Mmoja akasogea, akalinusa, akarudi nyuma. Kisha wote wakaruka kwa pamoja, wakaenda zao. Paa likawa tupu. Upepo ukapita. Wali ukaanza kukauka ngozi ya juu.

"Labda hajasikia," alinong'ona Khelef. "Mwite tena."

Akamwita tena. Akamwita kwa sauti, kisha kwa kunong'ona, kisha kwa lugha yao ya nyumbani, kama mtu anayembembeleza mtoto aliyejificha.

Hapana kitu.

Halafu, chini uchochoroni, viatu vinakimbia. Sauti ya jirani yao wa Malindi, inapasuka kwa furaha:

"Khelef! Khelef wee! Wafaa kajifungua! Mtoto wa kike! Wazima wote wawili, alhamdulillahi! Wafaa kaomba chakula, kala, kashiba!"

Khelef alianguka magoti. Alishukuru, akacheka, akamgeukia ajuza ili amkumbatie kama mama yake.

Bi Kasturi hakuwa akicheka. Alikuwa kalifunika lile donge kwa kiganja chake, polepole, kama anavyofunikwa mtu uso.

"Miezi yake ilitimia?" aliuliza.

"Bado. Lakini wazima, Bi Kasturi! Wazima!"

"Ulijua lini kuwa dada yako amevaa ile karatasi?"

Furaha ikamkauka Khelef mdomoni.

"Ulijua," alisema ajuza, "ukangoja." Akalichukua donge, akalitia katika ncha ya sari yake, akafunga fundo. "Basi huyu hatakuja. Keshapata pahala."

Akasoma karatasi ya tatu, ile ya kuwaaga. Aliwaaga mmoja mmoja kwa majina yao.

Jina moja aliliruka.

Khelef alivunja disketi kwa nyundo, akauza kompyuta, akashusha ule ubao wa uongo. Leo anauza ndara sokoni Darajani. Akimuona mtu na maandishi asiyoyajua, humpisha njia. Marehemu Bi Kasturi peke yake ndiye aliyekuwa Khelef akimuamkia kwa unyenyekevu, mpaka ajuza alipokufa. Kwa wengine wote bado ana ulimi, maana dharau ni kama samli, hupanguswa, haitoki. Lakini dada yake akimuita, hasemi tena "Naam" mpaka amuone uso, asije akawa anaitwa na mwengine.

Na mtoto alikua. Mzuri, mpole, mwenye afya. Kitu kimoja tu: kunguru hawamkimbii. Kila magharibi huweka tonge la wali dirishani, na hakuna aliyemfundisha. Mama yake alimkataza mara moja, usiku ule chakula cha nyumba nzima kikakosa ladha. Hakumkataza tena.

Nami nilipokisikia kisa hiki, nilimuuliza msimulizi wangu: "Hao watu wa nguo nyeupe, barazani, kisha kwenye ngazi, kisha mlangoni... umehadithiwa na mjomba wako?"

Alikuwa akivunja wali kwa vidole, taratibu, tonge kwa tonge.

"Mjomba hakuwaona," alisema. "Aliangalia mlangoni akasema hapana mtu. Na mie nlikuwa nimesimama mbele yao."

Sikumuuliza zaidi. Kisa nimekupeni kama nilivyopewa, sikuongeza ila salamu. Aliyenipa mwanzo, kwa kinywa chake, ni Ummy binti Shamsi, mtoto wa Wafaa, wa Malindi. Hilo, angalau, ndilo jina alilopewa na mama yake.